Ujauzito na mtoto mchanga nyanda za juu: mambo ya kujua kabla ya kupanda au kushuka

Hapa Mkuza tumechanganyika. Jirani wa kulia ametoka Makete, wa kushoto ni Mzaramo wa Kisarawe, wa nyuma ana kwao Rombo au Lushoto. Ndiyo maana kliniki nasikia swali hili mara kwa mara: "Nesi, mama ananiita nikajifungulie nyumbani. Kule ni juu, kuna baridi na hewa nyepesi. Mtoto hatadhurika?" Na wapo wanaouliza kinyume chake: wameshuka kutoka milimani kumfuata mume Kibaha, mimba ina miezi mitano, na joto la Pwani linawachosha.

Ukurasa huu ni kwa ajili yako mama, na kwa bibi, shangazi au baba atakayemlea mama huyo na mtoto wake. Utakueleza mwinuko unafanya nini kwa ujauzito na kwa kichanga, na nini cha kufanya unapohama kutoka chini kwenda juu, au kutoka juu kuja chini.

Kwa ufupi

- Mwanamke mwenye afya anaweza kubeba mimba na kujifungua salama katika nyanda za juu za Tanzania. Mamilioni ya akina mama wamefanya hivyo.
- Hewa ya juu ina msukumo mdogo, kwa hiyo oksijeni inayoingia mwilini hupungua. Watoto wa huko huzaliwa na uzito mdogo kidogo.
- Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na uso kuvimba si "mambo ya mlima". Ni dalili za hatari za presha ya ujauzito.
- Jiko la mkaa ndani ya chumba cha mzazi linaweza kuua mama na mtoto.
- Ukishuka Pwani kutoka juu ukiwa mjamzito, malaria ndiyo adui wako wa kwanza. Kinga ianze siku ile ile ya kufika.

"Juu" ni juu kiasi gani?

Mwinuko hupimwa kwa mita kutoka usawa wa bahari. Kibaha iko kwenye mita 150 hivi, na hata vilima vya Pugu kule Kisarawe havifiki mita 400. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi, Iringa karibu 1,600, Mbeya karibu 1,700, Njombe karibu 2,000, na sehemu nyingi za Makete ziko juu ya 2,000. Uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600 hivi.

Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile kila mahali, yaani asilimia 21. Kinachopungua ni msukumo wa hewa. Ukiwa mita 2,000, kila pumzi inakupa kama sehemu nne kati ya tano za oksijeni unayoipata ukiwa Mkuza. Mtu mzima mwenye afya haoni tofauti kubwa isipokuwa anapopanda kilima na mzigo. Mjamzito anapumulia watu wawili, kwa hiyo mwili wake unafanya kazi ya ziada.

Madaktari wengi huanza kuuita mwinuko "mkubwa" kuanzia mita 2,500. Maana yake ni kwamba miji na vijiji vyetu vingi vya nyanda za juu viko chini ya kiwango hicho. Athari zipo, lakini ni ndogo kuliko za miji kama La Paz, Bolivia, ambako watu wanaishi kwenye mita 3,600 hivi.

Mwili wa mama unajisaidiaje?

Mjamzito yeyote hupumua zaidi kuliko kawaida. Huko juu hupumua zaidi tena, na baada ya muda mwili wake hutengeneza chembe nyekundu nyingi za damu ili kubeba oksijeni iliyopo. Mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba nayo hutanuka ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha.

Aliyezaliwa na kukulia juu ana nafasi nzuri zaidi ya kuzoea. Huko Tibet na katika milima ya Andes, watafiti wameona kwamba wanawake wa koo zilizoishi juu kwa maelfu ya miaka huzaa watoto wenye uzito mzuri kuliko wageni wanaoishi mwinuko ule ule. Kwa hiyo mzaliwa wa Pwani anayepanda kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ajipe siku kadhaa za kupumzika. Mwili ukiomba kukaa, kaa. Kubeba ndoo na kuni wiki ya kwanza waachie wengine.

Uzito wa mtoto

Hili ndilo jambo lililochunguzwa zaidi. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1,000, uzito wa mtoto anapozaliwa hupungua kwa gramu 100 hivi. Hali hii ilionekana wazi katika jimbo la Colorado, Marekani, na pia Amerika Kusini. Sababu kubwa si kwamba watoto wanazaliwa kabla ya wakati. Wanakua polepole zaidi tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho.

Tufanye hesabu. Kutoka Mkuza hadi Njombe unapanda karibu mita 1,800. Tofauti hiyo ni gramu 180 hivi. Mtoto ambaye angezaliwa na kilo 3.2 hatadhurika kwa kupungua hivyo. Lakini mtoto ambaye tayari ni mdogo kwa sababu mama ana upungufu wa damu, amepata malaria, anavuta moshi kila siku au hali vya kutosha, gramu hizo zinaweza kumshusha chini ya kilo 2.5. Hapo ndipo shida za baridi, kunyonya na maambukizi zinapoanza.

Mlima huwezi kuupunguza. Hayo mengine manne yanapungua, na hapo ndipo juhudi zako ziende.

Presha: usiusingizie mlima

Katika maeneo ya juu sana, presha ya ujauzito na kifafa cha mimba huonekana mara nyingi zaidi kuliko chini. Kwa mwinuko wetu hatari hiyo si kubwa kama ya La Paz, lakini lipo tatizo jingine. Mgeni aliyepanda mlima hutegemea kuumwa kichwa na kuchoka, na ndugu humwambia, "Utazoea." Kumbe presha inapanda.

Kichwa cha safari huwa chepesi na huisha kwa kupumzika na kunywa maji ndani ya siku moja au mbili. Nenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama ni usiku, ukiona:

- kichwa kinauma sana na hakitulii
- macho yanaona ukungu, vimulimuli au giza
- maumivu makali chini ya kifua, upande wa juu wa tumbo
- uso na mikono inavimba ghafla

Presha ya 140 kwa 90 au zaidi katika ujauzito inahitaji kufuatiliwa, hata kama hujisikii mgonjwa. Kila hudhurio la kliniki uliza presha yako ni ngapi, na hakikisha imeandikwa kwenye kadi.

Damu na chumvi

Kwa kuwa mwili huongeza chembe nyekundu ukiwa juu, kipimo cha damu husomwa tofauti huko. Kiwango kinachotosha Kibaha kinaweza kuwa pungufu Makete. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kurekebisha kipimo hicho kulingana na mwinuko. Kazi yako ni ndogo: ukihama, mwambie mhudumu umetoka wapi na lini, na urudie kipimo. Usiache vidonge vya kuongeza damu kwa sababu tu umeambiwa damu "imepanda".

Jambo jingine la milimani ni madini joto. Mvua za miaka mingi huyaosha kutoka kwenye udongo wa miteremko, na ndiyo sababu zamani ugonjwa wa rovu ulikuwa mwingi nyanda za juu. Mtoto aliye tumboni anayahitaji ili ubongo wake ukue. Tumia chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina madini joto. Ile ya mawe inayouzwa kwa kupimwa bila pakiti huenda haina.

Mtoto mchanga, baridi na jiko la mkaa

Kichanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Joto lake zuri ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Usiku wa Njombe au Makete mwezi wa Juni na Julai si mchezo, na familia hufanya inalolijua: jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango na dirisha vinafungwa, mzazi na mtoto wanalala.

Tafadhali usikubali. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala haionekani, na hushika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Huko juu oksijeni tayari ni kidogo, na gesi hii huipunguza zaidi. Humfikia hata mtoto aliye tumboni. Watu hulala wasiamke. Mkaa usiotoa moshi si salama; gesi hiyo ipo hata kama hakuna moshi.

Njia hizi hupasha mtoto joto bila hatari:

- Mkaushe mara tu anapozaliwa, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfunike wote wawili kwa kitenge na blanketi. Hii ndiyo njia ya kangaruu, nayo inamfaa hata mtoto aliyetimiza miezi.
- Mvishe kofia na soksi. Joto jingi hutokea kichwani.
- Acha kumwogesha kwa angalau saa 24 za kwanza.
- Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, kisha mara kwa mara usiku na mchana. Maziwa ni chakula na ni kuni zake.
- Mama akichoka, baba au bibi naye anaweza kumbeba kifuani.
- Jiko lipashe maji na mawe nje. Chupa ya maji ya moto ipashe kitanda kabla, kisha iondolewe mtoto anapolazwa.

Kupumua na manjano

Mtoto akiwa tumboni mishipa ya mapafu yake huwa imebana. Akilia mara ya kwanza huanza kufunguka. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kidogo mahali penye oksijeni ndogo. Kifaa kinachobanwa kidoleni au mguuni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba ya chini kidogo huko juu kwa mtoto aliye mzima. Mhudumu wa huko anazijua namba za kwao, kwa hiyo usilinganishe na mtoto wa jirani aliyezaliwa Tumbi. Wewe angalia mtoto mwenyewe: ananyonya vizuri? Midomo na ulimi ni vya waridi? Anapumua bila kuvuta mbavu ndani?

Manjano nayo huonekana zaidi kwa watoto wanaozaliwa sehemu za juu. Shida ni kwamba kwenye baridi mtoto hufunikwa gubigubi ndani ya chumba chenye giza, na hakuna anayeiona ngozi yake. Kila asubuhi mpeleke karibu na dirisha lenye mwanga, tazama weupe wa macho, kisha bonyeza ngozi ya pua na kifua taratibu. Manjano siku ya kwanza, manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, au mtoto wa manjano anayelala sana bila kunyonya, ni safari ya kituo cha afya. Kumwanika juani hakutoshi.

Malaria: hatari ya wanaoshuka

Penye baridi, vimelea vya malaria hukua polepole ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla hawajakomaa. Ndiyo maana katika Milima ya Usambara malaria ni nyingi vijiji vya chini na hupungua kadiri unavyopanda. Mikoa kama Njombe, Kilimanjaro na Arusha ni kati ya yenye malaria kidogo nchini.

Hiyo ni habari njema kwa anayeishi huko, lakini anayeshuka ana deni. Mtu aliyekulia Pwani ameng'atwa miaka mingi na mwili wake una kinga kiasi. Aliyekulia juu hana. Akishuka akiwa mjamzito, malaria humpata kwa nguvu, iwe mimba ya kwanza au ya tano. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, damu ya mama huisha, na mtoto hunyimwa chakula.

Nakumbuka binti mmoja aliyeshuka hapa akiwa na mimba ya miezi sita. Hakulala kwenye chandarua. Kwao hakuna mbu, hakuwa na mazoea. Wiki ya tatu akapata homa. Nyumbani wakasema ni uchovu wa safari na joto la Pwani, akapewa dawa ya maumivu. Alipofikishwa kwetu viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Tulimpa rufaa, akaongezewa damu, akajifungua kabla ya wakati mtoto asiyefika kilo mbili. Mama mkwe alimbeba mtoto yule kifuani kwa zamu na mzazi, wiki baada ya wiki, na leo anasoma chekechea. Lakini chandarua kilikuwepo ndani ya ile nyumba tangu mwanzo, kimekunjwa juu ya kabati.

Ukishuka ukiwa mjamzito:

- Lala kwenye chandarua chenye dawa usiku wa kwanza kabisa. Kliniki hutoa chandarua kwa wajawazito.
- Nenda kliniki wiki hiyo hiyo na kadi yako. Sema, "Nimetoka nyanda za juu."
- Meza SP mbele ya mhudumu kuanzia mwezi wa nne wa mimba, kila baada ya mwezi, angalau mara tatu. Anayetumia Septrin kila siku hapewi SP, kwa hiyo taja dawa zote unazotumia.
- Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Na wewe wa Pwani unayepanda: unaweza kuondoka na vimelea mwilini, homa ikaanza ukiwa huko baada ya wiki moja, mbili au zaidi. Mhudumu wa huko haoni malaria kila siku. Mwambie mapema kwamba umetoka Pwani, na uombe kipimo.

Kabla ya safari

1. Panga kusafiri kabla ya wiki ya 36. Kutoka Kibaha hadi Njombe ni siku nzima kwenye basi. Uchungu usikukute Kitonga.
2. Pita kliniki upimwe presha, damu na mkojo. Beba kadi na dawa za mwezi mzima.
3. Basi likisimama, shuka utembee. Kukaa saa nyingi kunaweza kugandisha damu miguuni. Kunywa maji.
4. Uliza mapema: kituo kinachozalisha kiko umbali gani na nyumbani kwa mama? Mvua zikinyesha barabara inapitika?
5. Beba nguo za joto, kofia mbili za mtoto na kitenge cha kumbebea kifuani.

Muone daktari kwanza kama una presha, ugonjwa wa moyo, upungufu mkubwa wa damu, mapacha, au uliambiwa mtoto hakui vizuri. Mwenye selimundu awe mwangalifu zaidi: oksijeni ndogo na baridi vinaweza kuamsha maumivu makali. Mjamzito asiyezoea mwinuko asiende kulala au kufanya kazi nzito juu ya mita 2,500.

Maswali ninayoulizwa

*Mtoto amezaliwa huko juu. Nimlete Pwani lini?* Kama alitimiza miezi na ananyonya vizuri, subiri angalau amalize mahudhurio ya mwanzo baada ya kujifungua na chanjo za kuzaliwa. Akifika, chandarua usiku ule ule, na umpunguzie nguo. Mtoto wa Mkuza hahitaji blanketi tatu.

*Je, nikimpandisha yeye akiwa mchanga?* Akiwa mzima, kwa mwinuko wa miji yetu inawezekana, ila wiki za kwanza ni bora atulie. Aliyezaliwa njiti, aliyewahi kuwekewa oksijeni au mwenye tatizo la moyo asipande bila ushauri wa daktari. Gari likipanda mlima mnyonyeshe. Kumeza kunafungua masikio.

*Maziwa yangu yatapungua kwa baridi?* Hapana. Yanategemea kunyonyesha mara kwa mara, kula na kunywa.

Usisubiri asubuhi

Nenda kituo cha afya mara moja kama mama anatokwa damu, ana degedege, homa, kichwa kikali, anapumua kwa shida akiwa amekaa, au mtoto amepunguza kucheza tumboni. Kwa kichanga: hanyonyi, amepoa au ana homa, anakoroma au kuvuta mbavu, midomo imekuwa ya bluu, amelegea, au ana manjano kama tulivyoeleza.

Piga 115 bila malipo. Ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Mama akikuita nyumbani, si lazima ukatae. Mkono wa mama wakati wa uzazi ni msaada mkubwa. Panda, au shuka, ukiwa na kadi mkononi na chandarua kwenye begi, na neno la kwanza kwa mhudumu utakayemkuta liwe mahali ulikotoka.